Sikutazama Sana

Joviana alimleta mwenzake nyumbani Jumamosi asubuhi, katika manyunyu yale ya Karagwe yasiyozidi wala kukata. Kokubanza, mama yake, alikuwa barazani akimenya ndizi. Aliwaona wakikata kona ya shamba la kahawa, binti yake mbele, na nyuma yake Mukashema, yule msichana mrefu wa Rugu aliyewahi kuja likizo moja akawachekesha wote kwa jinsi alivyowaiga wakufunzi wake. Wasichana hao walikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na kutoka chuoni hadi hapa Igurwa ni mwendo wa kutokwa jasho. Siku ile haikuwa ya ruhusa.

"Shikamoo, mama," Mukashema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmelowa hivyo?"

Mukashema alikuwa amevaa gauni la chuo, na juu yake sweta la Joviana alilolibana kwa mikono miwili kifuani. Joviana alimkalisha mkekani, kisha akamvuta mama yake jikoni, akamweleza kwa maneno machache kama mtu anayetema kitu kichungu. Jana baada ya vipindi Mwalimu Anatory alimwagiza Mukashema apeleke madaftari nyumbani kwake. Alipoingia, mlango ukafungwa. Alipopiga kelele, redio ikaongezwa sauti.

"Alimwingilia kwa nguvu, mama."

Kokubanza aliweka kisu chini. "Anatory yupi?"

"Kwani wako wangapi, mama?"

Alikuwa mmoja tu. Mkufunzi wa hesabu, kijana wa Muleba, wa kijiji kimoja na mumewe Egbert, mwongoza kwaya mwenye sauti ya kuliza watu. Jumapili baada ya ibada alikuwa akija kula kwao, na Kokubanza alikuwa akimwekea kipande cha nyama kilichonona.

"Nakwenda zahanati kumtafuta muuguzi," Joviana alisema. "Yeye ndiye aliyekuja chuoni kutufundisha mambo haya. Wewe mwache Mukashema akae hivyo hivyo, mama. Asifanye lolote mpaka nirudi."

Kokubanza aliitikia. Lakini aliporudi barazani akamwona msichana anatetemeka, matope yamempanda hadi magotini, midomo imepauka, na mama aliyezaa watoto watano na kuzika wawili hawezi kumtazama mtoto katika hali ile akakunja mikono. Akabandika maji.

"Mama, tumngoje Joviana," Mukashema alisema alipoliona beseni.

"Joviana ni mtoto kama wewe. Baridi hii itakuua. Njoo."

"Muuguzi alisema mtu asi..."

"Muuguzi hayupo hapa. Nipo mimi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomshinda msichana. Akainuka. Kokubanza akamwosha kama anavyooshwa mwanamke aliyetoka kujifungua, taratibu, kwa maji ya moto, bila kumuuliza neno. Aliona alama za vidole mikononi na shingoni. Aliona gauni nalo: vifungo viwili vimeng'oka na kitambaa chake, mshono wa bega umefunguka, na damu mahali ambapo damu haikupaswa kuwa. Akamfunika kanga zake mwenyewe, akamnywesha uji, akamlaza kitandani kwa Joviana.

Miaka ile sabuni ilikuwa adimu kuliko sukari. Egbert, ambaye alikuwa na duka, alificha miche yake chini ya kitanda. Kokubanza akakata kipande kizuri, wala hakuomba ruhusa, akaenda kwenye jiwe la kufulia nyuma ya jiko. Alilisugua lile gauni mpaka maji yakatoka meupe. Alipolitundika chini ya upenu moyo wake ulitulia kidogo, kama wa mtu aliyefanya jema alilokuwa na uwezo nalo.

*

Joviana aliporudi na muuguzi, walipitia nyuma. Gauni lilikuwa bado linadondosha maji.

"Mama," Joviana alisema, akasimama. "Mama, umefanya nini?"

Muuguzi, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, alilishika pindo la gauni, akaliachia. Hakumgombeza mtu. "Basi, limeshakuwa," alisema. "Na mwenyewe? Ameoga?"

"Nilimwogesha mimi," Kokubanza alijibu. Sasa ndipo alipoanza kuelewa.

Mukashema alikuwa ameamka. Alisimama mlangoni na kanga zile, akalitazama gauni lake kwa muda.

"Nililala nalo," alisema. "Usiku wote nilitaka kulivua, nikajizuia. Nilikuwa naona kinyaa, lakini sikulivua."

Kokubanza alilia. Alilia mbele ya watoto na mbele ya muuguzi, akaomba msamaha, na Mukashema, ambaye ndiye aliyestahili kubembelezwa, akawa yeye anayembembeleza mtu mzima. Muuguzi alimpima chumbani, akaandika alichoweza kuandika, akasema kesho kutwa waende polisi, koplo wa kituo atakuwa amerudi.

Baadaye, Joviana alipokwenda kuchota maji, Mukashema alisema, "Mama, uliliona gauni kabla hujalifua?"

"Nililiona."

"Basi ukiulizwa, utasema?"

"Nitasema, mwanangu. Nisiseme kwa nini?"

"Na jambo jingine. Baba yangu asiambiwe. Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Tangu mama afariki tuko wawili tu. Nataka alisikie kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa watu."

"Hatalisikia kwa mtu," Kokubanza alisema. Na wakati ule alimaanisha kila neno.

Egbert alipofunga duka akaja kula, mkewe alimweleza yote. Alibaki na tonge mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Wakulima wengi wa Igurwa walikopa kwake chumvi na mafuta ya taa, naye hakuwahi kumwaibisha hata mmoja. Ila maharage na sukari vya chuo vilipitia dukani kwake, na aliyemtambulisha kwa mkuu wa chuo alikuwa huyo huyo Anatory.

"Una hakika?" aliuliza mwishowe.

"Nimeliona gauni kwa macho yangu, Baba Joviana."

"Uliona gauni. Hukumwona mtu."

"Unataka kusema mtoto anadanganya?"

"Sijasema hivyo. Wala siwakatazi kwenda polisi. Nakuomba tu usiongeze lako. Wale watoto wakishaondoka, wewe na mimi tutabaki hapa hapa, na watu hawa hawa."

Akanawa mikono, akatoka. Kokubanza alisema moyoni kwamba hayo ni maneno ya biashara. Hata hivyo yalimwingia, yakakaa.

*

Kituoni Egbert aliwasindikiza, akabaki nje na baiskeli yake. Koplo aliwapokea akiwa amekaa. Benchi lilikuwa moja, na watu wawili waliokuja kwa kesi ya mbuzi walikuwa wamelikalia, hawakusogea. Mukashema alisimama.

"Jina?"

Akalitaja.

"Hilo ni jina la kwetu hilo?" koplo aliwauliza wa mbuzi, wakacheka. "Baba yako aliingia nchini mwaka gani?"

"Mimi nimezaliwa Rugu, afande."

"Nimekuuliza baba."

"Afande," Joviana aliingilia, "tumekuja kushtaki mtu aliyembaka. Karatasi ya muuguzi hii hapa."

Koplo aliitazama karatasi kwa mbali. Alitaka kujua Mukashema alikwenda nyumbani kwa mwanamume kufanya nini, kama alibisha hodi au aliingia tu, kama ni mara ya kwanza kubeba madaftari, na kwa nini hakukimbia. Mukashema alijibu yote kwa sauti moja, macho yake ukutani. Kokubanza alimwona bado amesimama na sketi yake ya kuazima, akataka kumwambia koplo ampe mtoto mahali pa kukaa. Hakumwambia.

"Nguo alizovaa?"

Joviana akalitoa gauni kikapuni. Lilikuwa limekunjwa vizuri. Koplo aliliinua kwa ncha za vidole, akalinusa.

"Hili linanukia sabuni. Sisi wengine tunafulia majivu." Wa mbuzi wakacheka tena. "Nani alilifua?"

"Mimi," Kokubanza alisema.

"Mke wa Egbert." Sauti ilipungua ukali. "Sasa mama, wewe ni mtu mzima. Ulipolifua uliona nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Aliweza kuliona shati la Egbert na usukani wa baiskeli. Hakuwa anatazama ndani. Alikuwa ametega sikio tu. Kokubanza aliwaza Jumapili, kanisa, sauti ile ya kwaya, wanawake wakimpisha njia na kisha wakinong'ona mgongoni mwake. Aliwaza kwamba ataulizwa damu ilikuwa wapi hasa, na kwamba itambidi aseme mbele ya wale wa mbuzi. Aliona gauni. Hakumwona mtu.

"Sikutazama sana, afande," alisema. "Lilikuwa na matope."

Mukashema aligeuza kichwa akamtazama. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa jicho la mtu aliyekanyaga mahali alipodhani pana ardhi.

"Matope," koplo alirudia, akaandika.

Walirudi nyumbani, wasichana mbele, mume na mke nyuma. Njia nzima Kokubanza alijitafutia sababu, na alizipata. Karatasi ya muuguzi ipo. Serikali ina njia zake. Yeye neno lake lina uzito gani?

*

Aibu haikumwacha atulie. Siku mbili tatu baadaye, mkuu wa chuo akiwa ameshamwambia Egbert kwamba jambo limalizwe kwa kikao, na msichana akiwa bado kwao, hali vizuri wala halali vizuri, Kokubanza aliona ni afadhali mzazi wake awepo; pengine mzigo ungempungukia mtoto, na yeye vilevile. Akaenda Rugu bila kumwambia mtu.

Mzee Sebahire alikuwa kibarua katika mashamba ya kahawa ya watu, mtu mkavu, mpole, mwenye Kiswahili cha kusitasita kilichochanganyika na Kinyambo cha wenyeji wa Karagwe. Alimpokea mgeni kwa heshima zote, akamfutia kigoda kwa mkono wake. Kokubanza akashindwa kulitaja jambo kwa jina lake. Alizunguka, akasema binti yako amepatwa na matatizo na mwalimu mmoja, wazee wanataka kukaa walimalize. Sebahire alielewa kama mtu yeyote anavyoelewa maneno ya namna hiyo.

"Ana mimba?" aliuliza.

"Hapana. Sijui. Sivyo ulivyofikiri, mzee." Lakini vilivyo hakusema.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Egbert, maana mkuu wa chuo hakutaka kifanyike chuoni. Yeye alikalia kiti kikubwa. Anatory alikaa pale pale alipozoea kukaa Jumapili, suruali imenyooshwa, kichwa chini. Sebahire, aliyekaribishwa ndani zaidi, alichagua ukingo wa kiti kilicho karibu na mlango, kofia juu ya magoti. Wasichana walikuwa chumba cha nyuma, na ukuta wa nyumba ile haukuzuia sauti.

Mkuu wa chuo alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja jina zuri la chuo, mabinti wa watu wengine ambao wazazi wangeogopa kuwaleta, na kesi ambazo huwapotezea watu muda bila ushahidi. Mwalimu atahamishwa. Binti atapumzika mwaka huu, na baadaye itaonekana. Alisema pia, bila kumtazama Sebahire, kwamba mambo ya polisi yakifika mbali wataanza kuulizwa hata karatasi za uraia, jambo ambalo yeye binafsi asingependa limfike mzee mtu wa watu.

"Mzee, nisamehe," Anatory alisema. "Tulipitiwa."

Sebahire alilichukua neno lile akalishikilia. "Mlipitiwa. Wewe na nani?"

"Mimi na binti yako, mzee."

Sebahire aliinua macho. Alimtazama mkuu wa chuo, akamtazama Egbert, kisha akamtazama Kokubanza aliyekuwa amesimama na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile wanayopewa wageni. Alimtazama yeye kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuja kumwita, na ndiye mwanamke pekee mle ndani. Alikuwa anangoja mtu aseme sivyo.

Kokubanza akapitisha kahawa. Mikono yake ilijua kazi hiyo tangu utotoni na ikaifanya yenyewe: mkuu wa chuo kwanza, kisha mgeni mzee, kisha Anatory, aliyepokea kwa mikono miwili.

"Asante, waitu mama," Anatory alisema, kwa neno la heshima la kwao, lilelile la siku zote.

Sebahire alitafuna kahawa yake taratibu. Kisha akainuka, akampa Anatory mkono.

Jioni ile alimchukua binti yake wakaenda zao Rugu. Alitangulia yeye, naye Mukashema akafuata mbali nyuma. Kabla ya kutoka, msichana aliagana na kila mtu, hata na Kokubanza. "Asante kwa kunitunza, mama," alisema, na hakuwa anakejeli. Joviana alirudi chuoni. Likizo ilipofika alikwenda kwa shangazi yake Muleba, nyumbani hakuja.

*

Kahawa ilikuwa imeiva Kokubanza alipokwenda Rugu mara ya pili. Alimkuta Mukashema kwenye uwanja wa mwajiri wa baba yake, anageuza kahawa juani juu ya mikeka. Alikuwa amekonda, na nywele amezinyoa. Walisalimiana. Kokubanza alitoa kitenge kipya kwenye kikapu chake.

"Nimekuletea hiki ushone gauni," alisema, na akasikia mwenyewe alichosema.

Mukashema hakukigusa. "Rudi nacho, mama."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia."

"Nitakwenda kituoni. Nitasema nilichoona, chote."

"Utamwambia nani? Koplo alishaifunga kesi. Mwalimu alishahama, nasikia huko alikokwenda wamempa nyumba nzuri zaidi." Aliendelea kugeuza kahawa kwa kiganja. "Tena sasa unataka kwenda kwa ajili yako. Si vibaya. Lakini si kwa ajili yangu."

Kokubanza alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Muda wote ule alikuwa amemwogesha huyu mtoto, amemlisha, amemsemea, amemwitia baba, amemletea nguo. Akatafuta kumbukumbu moja ya kumuuliza swali, akaikosa.

"Wewe unataka nini, Mukashema?"

Msichana alisimamisha mkono. Alifikiri kwa muda mrefu, kama vile alikuwa hajaulizwa na mtu.

"Baba hali chakula nikipika mimi," alisema. "Hanipigi, hanitukani. Anapika chake. Nilimweleza yote, akasema alisikia kwa masikio yake mwalimu akisema tulipitiwa, na watu wazima wote walikuwepo na hakuna aliyekataa. Mwambie wewe. Mwambie uliloliona, kwa jina lake."

Kokubanza angependa aombwe jambo jingine. Mke wa mwenye duka akasimame mbele ya mwanamume mzee, kibarua, amtajie damu ya binti yake. Aliinuka akaenda.

Sebahire alikuwa nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Alifuta kigoda. Kokubanza alikataa kukaa, akasema akiwa amesimama. Safari hii hakuzunguka. Alitaja vifungo, bega, vidole shingoni. Alitaja damu na mahali ilipokuwa. Alisema mtoto alibakwa, kwa neno lenyewe. Alisema alilifua gauni kwa mikono yake, na kwamba polisi walipomuuliza alisema aliona matope.

Sebahire alisikiliza mpaka mwisho, panga limelala juu ya paja.

"Siku ile sebuleni," alisema, "ulikuwa umeshayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Nilikutazama."

"Uliniona, mzee. Nami nilikuona."

"Ukatugawia kahawa."

"Niliwagawia."

Kuku walipita katikati yao wakichakura. Mzee aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ungesema neno moja, mke wa Egbert, nisingempa yule mtu mkono. Nina nini mimi? Shamba si langu. Nchi wananiambia si yangu. Nilikuwa na huyu mtoto, na nilikaa mle, yeye yuko nyuma ya ukuta anasikia, nikaushika mkono ule."

Sebahire aliliweka panga chini. Aliinuka, akapita kando yake bila kumtazama, akaenda hadi kwenye ukingo wa migomba, akamwita binti yake. Alimwita kwa jina la utotoni ambalo Kokubanza hakuwahi kulisikia. Kule uwanjani Mukashema alisimama wima. Aliitwa mara ya pili ndipo akaanza kuja, kwanza kwa hatua za kawaida, kisha mbio. Wakaingia ndani wote wawili, na mlango ukarudishwa.

Katika nchi ile mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kudai. Humtoi mtu nyumbani kwako ukamwacha atafute njia peke yake. Kokubanza alisimama kidogo pale uani, mazoea yakimfanya angoje. Kisha akachukua kikapu chake na kitenge ndani yake, akashika njia ya Igurwa.